Tone la Maji kwenye Kisahani cha Jorma

Siku hizi tanuri la pili halisemeshwi na mtu. Linapanda moto, linapoa, linapanda tena, na sisi tunapita mbele yake na vikombe vyetu vya kahawa kama watu wanaopita kwenye nyumba iliyohamwa. Gunvel Åsberg ndiye aliyekuwa akilisemesha. "Haya mzee, mpike huyu taratibu," aliliambia, akiingiza kisahani cha chuma chenye utando mweupe wa kauri.

Kazi yetu hapa Trollhättan, Uswidi, ni kuvikinga na moto vyuma vya injini za ndege. Bunduki ya plasma huyeyusha unga wa kauri na kuurusha juu ya chuma, kisha tanuri huujaribu utando huo: joto, baridi, joto, baridi, mpaka ubanduke. Gunvel alishika bunduki ile tangu ujana wake. Kisahani chake kilichodumu kuliko vyote kilitundikwa ukutani, juu ya mashine ya kahawa. Kisha bega lake likachoka. Akahamishiwa kwenye tanuri, na bunduki akapewa Jorma, Mfini wa Tornio mwenye mkono mwepesi na kicheko kikubwa.

Ikawa kila asubuhi anapima kazi ya mtu aliyesimama mahali pake. Wivu wake haukuwa na kelele. Visahani vya Jorma alivishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota soksi ya mgeni sebuleni kwake.

"Kisahani changu kinasemaje leo?" Jorma alimuuliza.

"Kinauliza utajifunza lini kupaka."

"Kiambie nilifundishwa na mwanamke mmoja mkali, na sasa ameninunia."

Tulicheka sote. Gunvel alikuwa anafuta miwani.

Kisha kisahani kimoja cha Jorma kikakipita kile cha ukutani. Kwetu mwenye furaha ndiye anayewanunulia wenzake keki. Lakini furaha ya namna hii haihesabiwi mpaka kisahani kipoe na kulala mezani kizima. Utando ulioushinda moto unaweza kuruka wenyewe ukishapoa, kwa unyevu tu wa hewani. Ijumaa jioni Gunvel akakitoa tanurini kizima, hakina ufa, akakiweka mezani.

"Jumatatu naleta keki ya kijani, ile ya sherehe!" Jorma akapaza sauti. "Na wewe Gunvel ndiye utakayeikata."

"Usijali, kisu ninacho."

Yaliyofuata Gunvel alitusimulia mwenyewe baadaye. Tulipokuwa tunavaa makoti yetu, alibaki kusuuza kikombe. Akatazama ukutani. Akatazama mezani. Akachovya kidole majini na kukishikilia juu ya kisahani cha Jorma. Hakuna kati yetu asiyejua tone moja linaweza kufanya nini. Alikaa hivyo mpaka tone likadondoka. Ukasikika mlio mdogo, kama ukucha unaokatwa, na utando wote ukaruka, ukalala kando ya chuma kama ganda la yai.

Jumatatu Jorma aliingia na boksi la keki kifuani. Akaona meza. Mara hiyo hakucheka.

"Basi," akasema. "Kimeniangusha mlangoni." Akafungua boksi. "Tuleni tu jamani, krimu haingoji." Akamnyooshea Gunvel kisu. "Kata, mkubwa. Wa kwanza bado ni wewe."

Gunvel alikipokea. Akakilaza juu ya meza.

"Si mimi. Kisahani chako nilikitilia maji."

Mashine ya kahawa iliendelea kunguruma.

"Kwa nini?" Jorma aliuliza, taratibu, kama mtoto.

"Kwa sababu kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri sana, Jorma, na mimi bado nilikuwa nimesimama hapahapa nakitazama."

Keki haikukatwa siku hiyo. Jorma alipaka kisahani kingine, akakipima mtu mwingine, nacho kikakipita kile cha Gunvel na kulala mezani kizima. Mpimaji aliyetia mkono wake kwenye jibu la kipimo hapimi tena, hilo Gunvel hakungoja kuambiwa. Alikishusha kisahani chake ukutani mwenyewe, akakifunga katika skafu, akaondoka.

Sasa yuko Vänersborg, mji wa jirani, anauza rangi za nyumba katika duka lililo karibu na stesheni ya treni.