Njema, Ila

Anuar wa Mlandege ni mtu wa adabu, na adabu yake imenichosha. Nnakaa naye ofisi moja, juu ya duka la vitambaa, na sijaona mtu anayepiga pasi kanzu namna ile kwa ajili ya kukaa mbele ya kompyuta. Ukimuuliza habari, njema. Hata mama yake alipolazwa: njema, ila mama yupo hospitali. Sote ndivyo tunavyosalimiana, sikatai. Lakini salamu ni salamu, na kazi ni kazi.

Huyu bwana ndiye aliyeandika programu ya kulinda majokofu ya samaki kule Nungwi. Programu huandika kila linalotokea na kulitia daraja: taarifa, onyo au hatari. Taarifa hulala humo humo mpaka mtu aende kuisoma. Hatari humpigia simu mwenye mali, hata kama amelala. Basi Anuar, kwa uungwana wake, kila kitu akakiita taarifa. Nikamwambia jokofu likipata joto hiyo ni hatari. Akanicheka, akasema mtu mzima hashtuliwi, huanziwa kwa mazuri. Msomi huyo! Mjinga ana nafuu, maana mjinga huuliza.

Bi Mwanapili wa huko huko Nungwi alikusanya pweza msimu mzima, auze, apaue nyumba yake. Akawaweka jokofuni, akaenda zake Tumbatu msibani, akiitegemea simu. Ijumaa jokofu likafa. Programu ikaandika kwa adabu zake zote: "Taarifa. Mfumo unakwenda vizuri. Ila joto limepanda." Ikaandika hivyo hivyo mpaka Jumapili, na simu ya bibi wa watu haikulia hata mara moja.

Jumatatu akapanda ngazi zetu, buibui limejaa vumbi. Anuar akainuka, akamwamkia shikamoo, akamuuliza habari za Nungwi.

"Njema, mwanangu," akasema Bi Mwanapili.

"Alhamdulillahi," akajibu Anuar, akakaa, macho yakarudi kwenye kompyuta.

"Ila pweza wote wameoza. Nyumba sina cha kuipaulia."

Anuar akashika kichwa. Nikadhani leo ataona haya. Wallahi nilimsikia kwa masikio yangu haya, akamgeukia mama yule aliyekuwa ameshaanza kulia:

"Sasa Bi Mwanapili, mbona hukuanza na hilo?"