Jiwe la Saba Nukta Nane

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha sayansi, katika shule moja mbele kidogo ya Katangi, niliwaambia wanafunzi wa Gredi ya Nane waje kila mmoja na jiwe kutoka kwao nyumbani. Maabara hatukuwa nayo. Niliazima mizani ya duka lililokuwa karibu na lango. Nikatoboa ndoo karibu na ukingo na kuchomeka kipande cha paipu. Ukiijaza ndoo maji hadi yafike kwenye paipu kisha utumbukize jiwe, maji yanayomwagika, ukiyapima kwa chupa yenye alama za mililita, ndiyo ujazo wa jiwe hilo, yaani nafasi linayochukua. Mizani inakupa masi, kiasi cha maada kilichomo. Gawanya masi kwa ujazo, umepata densiti. Maji yaliyomwagika tulimwagilia miche, maana maji ni haba huko, na kila mtoto alikuja na yake kwa kidumu.

Majibu yalikuja jinsi nilivyotarajia: gramu mbili nukta sita kwa kila sentimita moja ya ujazo, mbili nukta nane, mbili nukta saba. Kisha nikafika kwenye daftari la msichana mmoja mpole aliyekaa dirishani. Aliandika saba nukta nane. Nikapiga mkasi, alama ya kosa, kwa kalamu nyekundu na kuendelea.

Alinifuata hadi mlangoni.

"Mwalimu, nimepima mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu," nikamjibu, na darasa likacheka.

Hakucheka. Alinipa jiwe. Lilikuwa jeusi, la kutosha kiganja, na mkono wangu ulishuka nalo kama uliovutwa kutoka chini. Nilirudi kwenye ndoo. Maji mililita mia tatu. Mizani ikasema kilo mbili, gramu mia tatu na arobaini. Nikagawanya: saba nukta nane. Nikarudia. Mara ya tatu jibu lilikuwa lilelile, na nilijua ni kitu gani chenye densiti ya namna hiyo: chuma. Na chuma hakiokotwi shambani kikiwa donge.

Nilifuta ile alama mbele ya wote, nikamwomba msamaha.

Jumamosi alinipeleka kwa susu yake, yaani nyanya yake, aliyemlea. Mama huyo alisema marehemu mumewe alilichimbua jiwe hilo walipokuwa wakikata matuta ya shamba, na jembe likapinda.

"Tulishangaa tu," alisema. "Kijiwe kidogo hivi, kizito kama mtoto."

Nilipiga picha, nikamtumia rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha habari za miamba chuo kikuu. Alikuja mwenyewe baada ya wiki mbili. Alisugua pembe moja kwa tupa mpaka ikang'aa, akaweka sumaku ikanata. Baadaye alichukua kipande kidogo akaenda kukichunguza, kisha akanipigia simu.

"Hilo jiwe limeanguka kutoka angani," alisema. "Umri wake unalingana na wa dunia yenyewe."

Niliketi palepale nilipokuwa, kwenye ngazi za darasa. Kitu kilichozunguka gizani kabla hapajawa na mlima wala mto kilikuwa kimepimwa kwa ndoo iliyotobolewa, na mtoto wa miaka kumi na minne ndiye aliyekitambua. Mimi nilimwambia amekosea.

Nilipompelekea susu habari hiyo, alitazama juu, akalitazama jiwe, akatazama juu tena.

"Na mlijuaje?" akauliza.

Nilifungua mdomo nieleze, lakini mjukuu akanitangulia kwa Kikamba. "Susu, jaza debe makaa. Jaza debe lilelile mahindi. Lipi utalibeba kwa urahisi?"

"La makaa."

"Na debe si ni lilelile?"

"Ni lilelile."

"Basi kwenye mahindi vitu vimebanana zaidi. Na hili jiwe limebanana kuliko mawe yote ya hapa. Ndiyo tukajua si la hapa."

Susu akaliweka mapajani, akalifunika kwa viganja vyote viwili. Nilikuwa nimefundisha somo lile kwa wiki nzima, kwa ubao na chaki, na sikuwahi kulieleza vizuri namna hiyo. Nilivuta kigoda, nikakaa, nikamwomba yule msichana aanze tena.