Ndege Niliyosema Imefutwa

Mimi ni mwongo, na niliyemdanganya ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nasema mapema ndio usije ukanihurumia bure.

Niko na duka la nguo hapa Kapsoya, mtaa wa Eldoret. Mdogo wangu, nitamwita Nelly ingawa si jina lake, ni mkimbiaji. Alianza kukimbia hizi barabara za vumbi akiwa shule ya msingi. Mwaka uliopita akapata mwaliko wake wa kwanza wa kukimbia ng'ambo. Kanisani tulilia! Mama alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Kocha wake akatukatia tiketi mbili za ndege, Eldoret mpaka Nairobi, nimsindikize huko apande ile kubwa ya ng'ambo. Tiketi zikatumwa kwa simu yangu.

Sasa, aki, mimi naogopa ndege. Sijawahi kupanda, lakini naogopa! Na badala ya kusema naogopa, nikajifanya mkaguzi. Nikaanza kuichunguza ile kampuni ya ndege kwa simu. Nikapata video ya ndege imekwama tairi, watu wanapiga nduru. Haikuwa ndege ya kampuni hiyo, haikuwa hata ya Kenya, lakini nikajiambia ndege ni ndege. Halafu nikaona picha ya ile yetu, ina feni mbili kwa mabawa. Nikaamua ni kuukuu.

Nikamuuliza jirani yangu wa bodaboda, yule hupeleka wateja uwanja wa ndege, kama hiyo kitu hutua vizuri.

"Mama, si hutua kila siku?" akanicheka. "Ingekuwa inaanguka, mimi ningekuwa nabeba nani?"

Sikutaka jibu hilo. Nilitaka mtu aniambie ni mbaya. Ile ndege hupita juu ya duka langu kila asubuhi, na sikuwahi kuihesabia hata siku moja ya kufika salama. Lakini malori yaliyopinduka kule Timboroa, kwa barabara ya Nairobi, nimeyaona mpaka nimeyazoea.

Asubuhi ya safari nikashika simu, nikamwangalia Nelly machoni. "Wamefuta safari. Twende na gari."

"Ghai! Na kocha?"

"Nimeshamwambia." Uongo mwingine huo!

Tulipofika Timboroa, ukungu ulikuwa mzito na lori limelala katikati ya barabara. Magari mbele, magari nyuma, hakuna kusonga. Nelly akashuka, akapanda, akashuka tena.

Ndipo tukasikia mlio huko juu ya ukungu.

"Sista, si hiyo ni ndege ya Nairobi?"

"Hiyo ni ya mizigo," nikasema. Woi! Ulimi wangu haukusita hata kidogo.

Tulifika uwanja wa ndege Nairobi, milango ya ile ya ng'ambo imefungwa. Nelly alikalia begi lake, amekumbatia viatu vyake vya mbio, akalia bila sauti. Halafu akanishika mkono. "Pole, sista. Umesumbuka sana kwa ajili yangu."

Ningemwambia hapo. Mungu ananiona, ningemwambia! Nikamfuta machozi tu.

Kocha alipopiga simu nilipokea mimi, nikamweleza hivyo hivyo. Akaenda ofisi ya ile kampuni akiwaka moto. Wakamwambia ndege iliondoka vizuri, ikiwa na viti viwili vitupu. Akatoka akiwaita waongo. Aliniamini mimi! Sasa mtaa mzima unasema ile kampuni ni ya matapeli, na kila asubuhi ndege yao ikipita juu, Nelly huisonya.

Mbio zile zilikimbiwa na wengine. Yeye akarudi kunisaidia dukani, mazoezi anafanya peke yake kabla hatujafungua. Sijamsikia akilalamika, na hiyo ndiyo inanimaliza.

Juzi kocha akaja na habari, kuna mwaliko mwingine. Nelly aliruka mpaka akagonga rafu. Kisha akanigeukia.

"Lakini ile ndege ya Eldoret sipandi. Wale ni waongo. Tutaenda na gari, na utanisindikiza wewe. Si wewe hukuniacha siku ile?"

Nikamwambia sawa.

Wewe unayesoma, kama unaogopa, sema unaogopa. Watu watakucheka siku moja, watasahau. Baki nyumbani na uoga wako, mwenzako aende zake. Usimfunge mtu kwa hofu yako halafu uite busara! Mimi nilijidai namlinda, kumbe nilikuwa najilinda mwenyewe.

Nawaambia nyinyi nisiowajua, kwa sababu yule anayefaa kuambiwa yuko hapa nyuma yangu, anakunja nguo, anaimba.