Panga Ambalo Halikupigwa Kisikini

Mjomba wangu alikuwa mhunzi. Alifua mapanga ya kukatia miwa katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, upande wa Ndhiwa, na ukisimama mlangoni pa kibanda hicho miwa ilianzia hapo hapo uani ikaenda zake mpaka Awendo. Wakataji walimjua kwa nukta tatu. Kila panga lililomridhisha alilipiga nukta tatu karibu na mpini, kwa msumari mgumu aliouweka katika mfuko wa shati. Panga lisilomridhisha halikupata nukta na halikuuzwa. Lilirudi motoni likawa kisu cha jikoni.

Mimi ni mtoto wa dada yake, na kwetu Wajaluo mpwa ana ruhusa ya utundu kwa mjomba ambayo watoto wa nyumba hiyo hawana. Aliposikia pikipiki inanishusha na mfuko wangu mmoja, alipaza sauti ili mke wake asikie:

"Okewa amefika! Ficheni kuku!"

Okewa ndiyo namna mjomba anavyomwita mpwa wake, na Nera ndiyo namna mpwa anavyomwita mjomba. Nami nilimjibu, "Nera, kuku wako wamekonda kama wewe, nani anawataka?" Jioni hiyo hiyo kuku mmoja alichinjwa.

Nilikuwa nafika kwake kila nilipoacha kazi, au kazi iliponiacha. Nilibeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kule Sori. Nilikaa Isebania nikiwaitia wateja wabadilishaji pesa, kazi ya mdomo tu. Nilikuwa utingo wa malori ya miwa, kisha ya mahindi yanayovuka mpaka kwenda Sirare. Nilimaliza kidato cha nne, na cheti changu kiko katika sanduku la mtu fulani, sikumbuki nani. Sijawahi kukaa mahali mpaka mti nilioupanda ukazaa. Lakini popote nilipolala, nilichokumbuka ni kibanda kile, harufu ya makaa na oili, na mlio wa nyundo juu ya kipande cha reli alichokifanya fuawe.

Kazi yangu pale ilikuwa kuvukuta. Mivukuto yake ilikuwa miwili, ya ngozi ya mbuzi, na ilibidi mmoja upande huku mwingine ukishuka, bila pengo, la sivyo moto ulikohoa na yeye akanitukana. Chuma chake kilikuwa springi kuukuu za malori. Alikata, akatia motoni, akapiga, akarudisha motoni. Alijua uzito wa panga kwa kiganja. Nilimwona akipitisha kidole gumba juu ya chuma kilichopoa na kusema, "Hapa pana tumbo," na mimi nikitazama nisione tumbo lolote. Akigonga mara mbili, linaondoka.

Kazi ngumu ilikuja mwishoni. Panga likishafuliwa na kuiva wekundu, alilizamisha katika oili chafu ya magari, nalo likawa gumu sana, gumu kama chupa. Panga la namna hiyo ukilipiga jiwe linavunjika. Kwa hiyo alilisugua upande mmoja kwa jiwe mpaka likang'aa, kisha akalirudisha juu ya makaa, mgongo chini, polepole, ili kupunguza ule ugumu. Hapo ndipo rangi zilipoanza kutembea kwenye chuma. Kwanza rangi ya nyasi kavu. Halafu rangi ya mkate ulioiva. Halafu zambarau, kama ulimi wa aliyekula zambarau. Halafu buluu. Kisu cha samaki unakisimamisha kwenye mkate, kwa sababu hakigongi kitu kigumu. Jembe unaliacha lifike buluu. Panga la miwa ni zambarau, na unapoiona ikifika kwenye makali unalitumbukiza majini papo hapo. Ukiwahi, litavunjika. Ukichelewa, litapinda. Rangi moja hadi nyingine ni muda wa kupiga chafya.

Alianza kuniambia, "Sema rangi."

Nilikuwa na miaka thelathini na sita hivi, si mtoto, nikaona mzee ameamua hatimaye kunifundisha. Yeye alishika koleo, uso wake kwenye joto, nami nilisimama kando.

"Sema rangi."

"Nyasi."

"Nyasi gani? Ya Januari au ya jana?"

"Ya Januari, Nera. Sasa mkate."

"Mkate wa mama yako au wa dukani? Wa mama yako ulikuwa unaungua."

"Wa dukani. Bado. Bado. Zambarau!"

Na panga likalia ndani ya maji. Niliuona ni mtihani, na nilikuwa nafaulu. Miaka miwili nilifaulu, kila nilipokuja. Wakati mwingine alinisubiri, nikakuta mapanga kumi yamefuliwa na kutundikwa ukutani, hayajaingia hata kwenye oili. Nilimtania kwamba amekuwa mvivu. Alisema, "Namngoja bwana mkubwa wa Isebania."

Baada ya rangi kulikuwa na kisiki. Kilikuwa shina kavu la mti mgumu lililozikwa nusu nje ya kibanda, na kila panga lilipigwa hapo mara tatu kwa nguvu zote kabla ya kupata nukta. Hakuna panga lililoruka kisiki. Nasema hakuna, nikiacha lile moja.

Siku hiyo wingu lilikuwa limetanda toka upande wa ziwa. Tulikuwa na mapanga sita, matano yamekwisha, na mkataji mmoja Mkuria, mtu wa huko karibu na mpaka aliyekuja kufanya kazi ya miwa, alikuwa amesimama uani akingoja lake. Simu yangu ikaita. Dereva niliyemfahamu alikuwa Awendo, lori limepakiwa, utingo wake ameugua, anaondoka kwenda Isebania ndani ya saa moja. Nilimwambia naja. Nilibana simu kwa bega, mkono mmoja kwenye mvukuto.

"Sema rangi," mjomba alisema.

"Nyasi."

Dereva alikuwa bado anaongea. Nilitazama panga. Lilikuwa linaingia kwenye mkate, mkate mzuri, wa dukani. Nilijua. Hili ndilo ninalotaka kuliandika wazi, kwamba sikukosea kuona. Nilijua ni mkate na kwamba zambarau ingechukua muda mwingine, pengine mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeacha kuvukuta vizuri na moto umelala.

"Zambarau," nikasema.

Alilitumbukiza pale pale. Mvua ikaanza kupiga mabati. Mjomba alitazama nje, akasikia mvua, akamsikia Mkuria akisema, "Mzee, nitalowa mimi!" Akauliza, "Okewa, ilikuwa zambarau safi?" Nikasema safi. Basi hakwenda kisikini. Alipiga nukta tatu, akatia mpini, akampa mtu panga lake. Nami nilikwishavaa viatu.

Nilirudi baada ya miezi saba. Hakuna aliyepaza sauti kuhusu kuku. Kibanda kilikuwa na jivu baridi, na kuku wenyewe walikuwa wametaga kwenye mivukuto. Mjomba alikuwa ameketi sebuleni, na mezani palikuwa na panga katika vipande viwili.

"Lilivunjika," alisema. "Alipiga shina lenye jiwe nyuma yake. Kipande kikaruka kikamkata muundi. Alilala wiki tatu."

Nilivuta kiti nikaketi.

"Alinirudishia, hakunitukana. Ningependa angenitukana." Alikuwa akipapasa mahali palipovunjika, akienda na kurudi kwa kidole gumba. "Siku ile ulisema zambarau. Ilikuwa zambarau?"

Sauti yake haikuwa ya mtu anayelaumu. Alikuwa anauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia.

"Ilikuwa zambarau, Nera."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi ni mkono. Nimeua chuma kwenye oili, au nimekipiga kikiwa kimepoa. Mkono umezeeka bila kuniaga."

Nilitoka nje, nikamkuta mke wake akichambua mboga jikoni. Huyu ni mama asiyezungusha maneno. Aliniambia, "Unamwona? Tangu siku ile hajawasha moto. Anasema macho yalipokwenda alibaki na mkono, na sasa mkono pia umekwenda."

"Macho yamekwenda wapi?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga. "Ana mtoto wa jicho, yote mawili. Ni mwaka wa tatu huu hajui nyeupe na nyekundu. Wewe ndiye ulikuwa macho yake. Alinikataza nisikuambie, alisema utajivuna."

Nilikumbuka mambo mengi kwa mara moja. Jinsi alivyotafuta koleo kwa kupapasa. Chai iliyomwagika ukingoni mwa kikombe. Mapanga kumi yaliyotundikwa ukutani yakingoja. Nilikuwa hatua kumi na tano kutoka alipokuwa ameketi. Ningeingia tu na kusema, Nera, ulikuwa mkate. Mkono wako ni mzima, mdomo wangu ndio ulioharibu. Ni maneno machache. Niliyapanga, nikayapanga upya. Halafu jioni ikaingia, tukala, nikasema nitamwambia asubuhi, na asubuhi nikapanda pikipiki.

Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini. Hangenipiga. Pengine angenitania. Nadhani niliogopa kwamba nikisema, atanitaka nibaki niwe macho yake tena, na nisingekuwa na sababu ya kukataa.

Basi nikaendelea na barabara. Miaka minne, na kidogo. Mbita, Sori, Isebania tena. Sokoni kila mahali niliona mapanga ya dukani yenye mpini wa plastiki, na kila mara niligeuza moja kutafuta nukta tatu, ingawa nilijua hakuna.

Mwaka jana binti yake alimpeleka hospitali moja mjini Homa Bay, wakamtoa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza kisha la kushoto. Nilipopata habari nilifurahi kwa namna ya mtu mwoga. Nilidhani sasa anaona, atawasha moto mwenyewe, nami sitahitaji kusema kitu. Nilimpigia simu mke wake. "Anaona vizuri," alisema. "Anahesabu kuku wa jirani. Lakini kibandani haingii."

Nilikwenda wiki hiyo hiyo. Alikuwa ameketi nje, amekonda, macho yake yakiwa meusi na makali kama nilivyoyajua zamani. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama.

"Okewa, una mvi! Nani alikupaka?"

Nilisema kabla sijakaa, kwa sababu nilijijua. "Nera, lile panga. Ulikuwa mkate. Niliona ni mkate, nikasema zambarau. Nilikuwa nawahi lori."

Kuku alipita kati yetu. Kisha mjomba akauliza, "Oili ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Na mkono?"

"Mkono haukuwa na kosa lolote."

Aliinua mkono wa kulia akautazama mbele na nyuma, kama kitu alichoazimwa na mtu. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Alisimama, akachukua bakora.

"Twende kwa Mkuria. Utamwambia hivyo hivyo, nikiwa nimesimama pale."

Mkataji yule alikuwa bado amepanga chumba karibu na kituo cha kupimia miwa, mwendo wa nusu saa, nasi tulitumia saa nzima. Tulimkuta akinoa panga la dukani. Nilisema yote. Alikunja suruali akanionyesha kovu, refu na jeupe.

"Kumbe ni wewe na simu yako! Mimi nilidhani mzee amenichoka." Akacheka, halafu akamgeukia mjomba. "Mzee, mimi nilishasahau hii kitu zamani. Nilikuja kwako mara mbili unitengenezee ingine, ukakataa. Angalia hii takataka. Inapinda kama mkeka. Wasimamizi wanasema nimezeeka, kumbe ni panga."

"Ulikuja mara mbili," mjomba alisema, kama anajiambia mwenyewe.

"Sasa umejua si wewe. Washa moto. Nitangoja hata kwa mvua."

Mjomba alishika bakora kama anavyoshika nyundo na kujaribu kuiinua juu ya bega. Ilifika kifuani, ikatetemeka. Alijaribu tena. Bakora ni mti mwepesi tu. Aliishusha, akaiegemea, na sote watatu tukatazama chini.

Mkuria ndiye aliyeona aibu kwa niaba yetu. "Basi huyu mpwa wako atapiga nyundo," alisema, "na wewe utakaa kwa kiti umwambie."

"Huyu?" Mjomba alinitazama kwa macho yake mapya. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikata zaidi. "Huyu anajua rangi zote. Kukaa ndiyo hajui."

Mkuria alicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli na imesemwa vizuri.

Tulirudi polepole. Njiani alinitajia rangi za vitu bila kuulizwa, lori jekundu, shati la mtu la kijani, maua meupe ya miwa. Tulipofika aliingia kibandani kwa mara ya kwanza tangu panga lile lirudishwe, akaondoa mayai kwenye mivukuto moja moja akayatia ndani ya kofia yake. Ngozi zilikuwa zimepasuka. Alitoa ule msumari wa nukta tatu mfukoni, bado alikuwa nao, akaulaza juu ya kipande cha reli na kuuacha pale.

Mfuko wangu ulikuwa mlangoni, haujafunguliwa. Hakuniuliza nitaondoka lini.