Valvu Nilizozing'arisha kwa Ndimu

Nawasimulia kwa sharti moja, mcheke mara moja halafu mnyamaze, maana mimi mwenyewe nikikumbuka uso huniwaka moto, na mpaka leo kuna watu wa Kirua Vunjo ambao wakiniona sokoni Moshi huanza kunusa hewa.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa dereva wa kilori cha mfanyabiashara mmoja wa kahawa, na nilikuwa na ugonjwa ambao sijapona hadi leo: mikono yangu haijui kutulia. Rafiki yangu Aloisi, mpakiaji wa magunia kwenye kilori hichohicho, alipata mchumba, Filomena, akaniomba nimtoe bibi harusi kwao Kirua nimfikishe kanisani. Tajiri akakubali kutoa gari. Nami nikajiapiza kwamba gari lile litang'aa mpaka wakwe wajitazame humo.

Basi nikaosha, nikasugua, na nilipomaliza kila kitu macho yakaniangukia kwenye valvu, vile vijiti vya shaba vinavyotokeza kwenye magurudumu, pale panapotiwa upepo. Vilikuwa vimefubaa. Sasa mimi nimekulia mjini, katika nyumba ambayo Idi ikikaribia mama husugua masinia na mabirika yake ya shaba kwa ndimu na chumvi, nikaona shaba ni shaba tu. Nikakamua ndimu, nikatia chumvi, nikasugua valvu zote, pamoja na ya tairi la akiba, zikang'aa ajabu, na hapohapo, bila kuzisuuza (mama husuuza sana, lakini hilo sikuwahi kuliona kwa sababu wakati wa kusuuza huwa nimeshatoroka), nikazifunga vifuniko vyake kwa nguvu zangu zote. Tukaendelea kubeba kahawa kama kawaida, wiki zikapita, na ile chumvi na ndimu zimefungiwa humo ndani zinakula shaba taratibu.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Padre, Mzungu mmoja mkali, alikuwa amesema wazi kwamba jua likishavuka utosi hataanza misa, kwa kuwa yeye na maharusi wamefunga kula tangu usiku kwa ajili ya komunyo, na atakayechelewa atangoja mpaka Pasaka ipite, maana Kwaresima hakufungwi ndoa. Kwa hofu hiyo nikafika Kirua mapema mno. Ndani wanawake wanaimba huku wakimvalisha Filomena, nje wanaume wanapakia pipa la mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, la kupeleka kwa wakwe, mimi sina la kufanya. Nikakaa, nikasimama, nikalizunguka gari, nikalipiga teke tairi la mbele, nalo lilikuwa gumu, zima kabisa. Mwenye akili zake angeliacha. Mimi nikasema ngoja nipime upepo.

Kifuniko kikagoma. Kilikuwa kimegandana na valvu kwa kutu ya kijani. Nikachukua koleo, nikauma meno, nikazungusha, na kilichobaki mkononi hakikuwa kifuniko peke yake bali valvu yenyewe, imekatika kama muwa, na upepo ukatoka kwa mlio ambao ulinyamazisha hata nyimbo za ndani.

"Ni nini hicho?" akauliza Mzee Valeri, baba yake Filomena.

"Napunguza upepo kidogo, mzee."

"Mbona umekwisha wote?"

Nikakimbilia tairi la akiba. Lilikuwa limelegea, linataka kujazwa, na kifuniko chake nacho kimegoma vilevile, nikajiambia safari hii polepole, na hiyo polepole ndiyo iliyoikata valvu ya pili. Filomena akatoka na shela yake, akalitazama gari lililoinama upande, akalitazama jua, machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Jamani, niliona aibu. Nilitamani anitukane.

Mzee Valeri ndiye aliyekumbuka kwamba wakati wa vita, mipira ya ndani ilipokuwa adimu, madereva walishindilia majani ndani ya tairi. Basi ukoo mzima ukaingia kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, na nguo zao za harusi, wakakusanya majani makavu ya migomba, tukashindilia, tukafunga, tukaondoka. Na gari likaenda! Lilichechemea, lakini likaenda, nami (sina haya) nikaanza kupiga honi.

Tulikuwa kwenye mteremko wa mwisho wakati shangazi yake Filomena, aliyeketi kati yangu na bibi harusi, aliponiuliza, "Dereva, nani anachoma shamba?"

Hakukuwa na shamba linalochomwa. Tuliingia uwanja wa kanisa tukiburuta moshi, watu wamejipanga na maua, Padre yuko mlangoni anatazama jua. Nikaruka chini, nikainama kwenye gurudumu, nikapiga kelele, "Maji! Maji!" na wale waliokuwa nyuma ya gari, kwa wema wao wote, wakainua kilichokuwa karibu yao wakakimimina juu ya gurudumu na juu yangu.

Moto ukazimika. Pipa likabaki tupu. Mbege iliniingia mpaka masikioni, ulezi ukanigandia kwenye nyusi, na Padre akanisogelea, akanusa.

"Dereva huyu amelewa!"

"Hapana, Padre," Aloisi akanitetea, maskini, akiwa ndani ya suti ya kuazima. "Huyu ni Mwislamu, hajawahi kuonja pombe."

Padre akalitazama gari, akanitazama mimi. "Basi siku akionja itakuwaje?"

Misa ilianza jua likiwa limebakiza kidogo tu kufika utosini, wakafunga ndoa, nikasikia shangwe nikiwa nje na nzi wangu. Wakwe walikunywa chai. Mimi nilishuka mjini kwa miguu, nikipita vichochoroni nisionane na baba akitoka msikitini, nikaonana naye.

Tangu siku ile valvu naifuta kwa kitambaa kikavu tu, kifuniko nakifunga kwa vidole viwili, na nikishikwa na wasiwasi nakalia mikono yangu. Mungu alipowajalia mtoto, nilimwambia Aloisi kwamba safari hii nitawapeleka kubatiza bila tatizo lolote, gari nimelikagua lote. Akaenda kumwuliza mkewe. Filomena akanitumia salamu nyingi na mkungu wa ndizi, akasema anashukuru sana, lakini wao watakwenda kwa miguu.