Mlango wa Mawe ya Kijani

Marceline alikuwa akimimina divai ya mananasi kwenye madumu aliposikia ko, ko, ko, nyuma ya ukuta. Akashtuka. Nyuma ya ukuta ule hakuna chumba wala jirani, ni udongo mtupu wa kichuguu.

Nyumba yake ya divai, nje kidogo ya Likasi, mji wa machimbo ya shaba huko Kongo, imechimbwa ubavuni mwa kichuguu kikubwa kama kilima. Miaka ya kuuza mikate alfajiri ndiyo iliyoijenga, na hana mali nyingine. Fundi Zéphirin alijenga kuta kwa matofali ya udongo uleule, akaacha nyasi ziote juu ya paa. Hata jua la Oktoba likichoma, divai hulala kwenye ubaridi bila umeme. Ukipita barabarani utaona kichuguu tu. Lakini Marceline anapenda urembo, na hapo ndipo alipoharibu. Alinunua mawe ya kijani machimboni Kamatanda, akayapachika kuzunguka mlango. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hawakusema kitajiuza kwa nani. Mtu wa Likasi akiona jiwe la kijani, anaona shaba.

Akatoka mbio, akazunguka kichuguu. Upande wa pili alikuta shimo jipya, na wachimbaji wakitoa udongo kwa mifuko. Zéphirin alikuwa ameshafika, ananyoosha kidole juu kwenye paa.

“Mama Marceline, bakifika ku ukuta, paa yote itaanguka.”

Marceline akamgeukia Georges, mkubwa wa wachimbaji. “Apa hapana mali! Ile majiwe nilileta mu mufuko, ku Kamatanda!”

Georges akacheka kwa upole. “Mama, benye mashamba bote banasemaka vile.”

Hapo hofu ikamkamata kwelikweli. Alikuwa akisema kweli, na kweli yake ilisikika kama uongo wa mwenye shamba anayeficha shaba yake. Akakimbilia mlangoni, akang'oa mawe kwa sululu, akayatupa miguuni mwao wayachukue waende zao. Wakayaokota, wakayageuza juani, wakaona ni shaba kweli, wakatazamana. Kisha wakachimba kwa bidii zaidi.

Marceline akashuka shimoni, akaketi mbele ya sululu zao, mgongo wake ukiegemea udongo waliokuwa wakiuchimba. Sululu zikasimama.

“Mama, toka, utakufa,” Georges alisema, na sasa hakucheka.

Udongo ulikuwa ukimdondokea mabegani. Aliogopa kukaa pale, na aliogopa zaidi kuinuka, maana akiinuka sululu zingeanza tena.