Agripina, anayelinda mikono ya mkalimani isikatwe

Saa mbili asubuhi, Nduguti. Mashine ya jirani ya kukamua alizeti imeshaanza kunguruma na meza ya Agripina Msengi inatetemeka nayo. Yeye hana habari. Macho ameyakaza kwenye kona ya chini ya skrini, ambako mikono ya mwanamume mmoja inapanda, inashuka, inagusa kidevu. Anarudisha nyuma, anatazama tena.

"Hapo kidole gumba kinapotea," anasema bila kugeuka. "Faili nimelibana mno."

Mikono hiyo ni ya Naftali Kitundu, mkalimani wa lugha ya alama katika Shamba na Zizi, kipindi cha wakulima na wafugaji kinachoandaliwa na kikundi kidogo wilayani Mkalama. Agripina, mwenye umri wa miaka 36, ndiye anayekiandaa kwa kila mahali kinapokwenda. Kituo cha televisheni cha Dar es Salaam kinataka picha pana, ya kulala, katika faili zito linaloutoa jasho mtandao wa Nduguti. Chaneli ya mtandaoni inataka picha ya kusimama, inayojaza simu. Makundi ya WhatsApp ya vijijini yanataka faili jepesi lisilomaliza bando.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kazi ya kubonyeza vitufe tu. Agripina mwenyewe alidhani hivyo.

Mwaka juzi, ili kupata picha ya kusimama, alichukua sehemu ya katikati na kukata pembeni. Mbuzi walijaza skrini, wakapendeza, na watazamaji wakaongezeka. "Nikavimba kichwa," anasema, akicheka kidogo.

Kisha siku moja mzee mmoja wa Kinyangiri aliingia ofisini na mkewe. Aliweka simu mezani, akagusa kwa kidole ukingo wa skrini, pale Naftali anapokaa siku zote. Pale palikuwa na mguu wa mbuzi.

"Hakuwa na hasira. Alikiacha tu kidole pale, akanitazama," anakumbuka Agripina. "Nilielewa kabla mama hajafungua mdomo. Nililia mbele yao."

Mzee huyo, Yohana Gunda, ni kiziwi tangu utotoni. Kipindi kile kilikuwa kimetangaza siku ya chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo kijijini kwao. Mkewe, Theresia, alikuwa Kilimatinde akimuuguza dada yake. Yohana alitazama kipindi mwanzo hadi mwisho, akaona sindano na midomo ikitembea. Asubuhi ya chanjo aliwaona majirani wakiswaga mbuzi wao, akadhani wanakwenda mnadani. Ugonjwa ulipopita, zizi lake lilibaki karibu tupu.

Tangu hapo Agripina haanzi kwa kuuliza picha itapendezaje. Anaanza na mikono. Katika faili la televisheni humpandisha Naftali kidogo, maana kituo hupitisha maandishi chini ya skrini na yangemfunika vidole. Katika picha ya simu, shamba hukaa nusu ya juu na Naftali nusu ya chini.

La WhatsApp ndilo linalostaajabisha. Wengi wakitaka video iwe nyepesi hupunguza idadi ya picha kwa kila sekunde. Yeye hagusi hapo, kwa sababu mikono ingerukaruka, na kwa kiziwi hiyo ni kama redio inayokwaruza. Hupunguza ukubwa wa picha nzima, na Naftali humsimamisha mbele ya ukuta mtupu wa bluu akiwa na shati lisilo na maua. Ukuta mtupu haulemei faili, hivyo nafasi yote inabaki kwa vidole. Naftali, mpenzi mkubwa wa vitenge, bado analalamika kwamba anavalishwa kama mtu wa msibani.

Leo kuna jambo zito. Chanjo inarudi Kinyangiri Jumatatu, na chaneli ya mtandaoni sasa imesema haitarusha kipindi chenye mkalimani anayekula nusu ya simu. Malipo yake, shilingi laki mbili kwa mwezi, ndiyo yanayolipa pango na umeme wa ofisi hii.

Agripina anatengeneza mafaili mawili, lenye Naftali na lisilo naye, na kuyatuma yote kwenye chaneli. Anampigia Deo, mhariri wa chaneli.

"Kaka Deo, fungua hilo lisilo na mkalimani. Sasa zima sauti, utazame mpaka mwisho. Halafu niambie chanjo ni lini."

Hatimaye Deo anasema atajibu baadaye, na simu inakatika. Agripina anabaki ameishika.

Saa tisa alasiri tuko Kinyangiri, nyumbani kwa Yohana. Viziwi wa vijiji vya jirani wameketi wakiizunguka simu iliyoegemezwa kwenye ndoo. Agripina anamwamkia mzee shikamoo kwa ishara, kisha anafungua ukurasa wa chaneli huku akiuma mdomo.

Kipindi kipo. Naftali yupo, nusu nzima ya skrini.

Naftali anaiga mbuzi anayegoma kuchomwa sindano, na kwa pamoja wote wanaangua kicheko. Yohana ananyoosha kidole, anakiweka kwenye skrini juu ya mikono ile, kisha anawaonyesha wenzake siku: Jumatatu.

Agripina anafuta macho na kusema mpango wake. Anajifunza lugha ya alama, na mwakani anataka kuanzisha kipindi kipya. "Baba Yohana awe mtangazaji, ajaze skrini yote," anasema. "Sisi tunaosikia ndio tuwekewe mkalimani."

Theresia anamfikishia mumewe maneno hayo kwa mikono. Mzee anafikiri, anajibu, na mama anaanza kucheka kabla ya kutafsiri.

"Anasema msiwe na wasiwasi. Yeye hatawakata."